Ludwig Purtscheller, Mwalimu wa Mazoezi Aliyepanda Kibo

Kila mwanafunzi aliyesoma historia ya nchi yetu amepata kusikia jina la Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889. Lakini Meyer hakufika peke yake. Mbele yake katika barafu, akichonga ngazi moja baada ya nyingine, alikuwako mtu ambaye vitabu vyetu vya darasani humtaja kwa mstari mmoja tu, au humwacha kabisa. Mtu huyo ni Ludwig Purtscheller. Huko Ulaya wapanda milima wanamjua sana, na hapa kwetu jina lake limo katika ramani, maana kilele kimoja cha Mawenzi huitwa kwa jina lake hata leo.

Nimependa kuwaelezeni maisha yake katika gazeti letu la muhula huu kwa sababu mbili. Ya kwanza, alikuwa mwalimu wa shule, tena mwalimu wa mazoezi ya viungo, somo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa ni la kupitisha wakati. Ya pili, maisha yake yajibu swali ambalo sisi wa Kidato cha Nne tumekuwa tukibishana juu yake bwenini usiku: je, mtu huliweza jambo gumu kwa kipawa alichozaliwa nacho, au kwa kulirudia mara nyingi?

Purtscheller alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1849 katika mji wa Innsbruck, nchini Austria. Mji huo umo bondeni, na pande zote umezungukwa na milima ya Alps, ambayo vilele vyake vina theluji. Mtoto wa huko akifungua dirisha asubuhi huona mlima, kama vile mtoto wa Rungwe auonavyo mlima wake. Lakini kuuona mlima kila siku si kuupanda. Wako watu wengi waliozaliwa chini ya Kilimanjaro wakafa wazee bila kukanyaga hata kingo za msitu wake, wala hakuna wa kuwalaumu, kwa kuwa walikuwa na mashamba ya kulima na ng'ombe wa kulisha. Kadhalika Waaustria wengi wa zama zile hawakuona faida ya kwenda mahali pasipoota nyasi.

Alipokuwa mtu mzima Purtscheller akawa mwalimu wa mazoezi ya viungo katika mji wa Salzburg. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha vijana kuruka, kupanda kamba, kuning'inia katika vyuma na kujiinua kwa mikono, nao walifanya hayo ndani ya ukumbi. Zoezi moja hufanywa leo, kesho na keshokutwa, mpaka mwili ulizoee. Mwalimu wa namna hii hujifunza jambo moja mapema kuliko walimu wengine. Hujua kwamba kijana aliyeshindwa kujiinua mara moja siku ya Jumatatu, akijaribu kila siku bila kuacha, baada ya majuma machache atajiinua mara tano. Hakuongezewa kipawa chochote katika majuma hayo. Aliongeza siku za mazoezi tu.

Jambo hilo Purtscheller alilichukua kutoka ukumbini akaenda nalo milimani. Siku za mapumziko na za likizo alikwenda kupanda. Alianza na milima ya karibu, akaendelea na ile mirefu zaidi, akafika mpaka kwenye miamba iliyosimama kama ukuta. Alipokuwa amekwisha panda mlima kwa njia moja, hakuona vibaya kuurudia kwa njia nyingine. Hesabu ya vilele alivyopanda katika maisha yake hutajwa kuwa zaidi ya 1,700. Wasomaji, tuifanye hesabu hiyo polepole. Tukisema alipanda kwa miaka 30, ni vilele zaidi ya 56 kila mwaka, yaani zaidi ya kimoja kwa juma. Na huyu alikuwa mtu mwenye kazi ya kufundisha, asiyeweza kuondoka shuleni ila kwa ruhusa.

Yafaa nieleze desturi ya zama zile ili tupate kuona ukubwa wa jambo alilolifanya. Mabwana wa Ulaya waliotaka kupanda milima waliajiri viongozi, ambao aghalabu walikuwa wakulima na wawindaji wa vijiji vya milimani. Kiongozi alitangulia, akachonga ngazi katika barafu, akafunga kamba, akamvuta bwana. Bwana alifika juu, akarudi kwao, akaandika kitabu. Purtscheller hakutaka kuvutwa. Yeye, pamoja na ndugu wawili wa Vienna, Emil na Otto Zsigmondy, walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupanda milima mikubwa ya Alps bila kiongozi wa kuajiriwa. Watu wazima wengi waliwaona kuwa ni wapumbavu wanaotafuta kifo. Lakini wao waliamini kwamba mtu akitaka kuujua mlima hapana budi ajifunze mwenyewe kusoma mwamba, kupima theluji kwa mguu, na kuamua saa ya kurudi.

Mwezi wa Julai 1885 watatu hao walifanya jambo lililostaajabiwa na watu wengi. Katika nchi ya Ufaransa kuna mlima uitwao Meije, wenye urefu wa mita 3,983, na ukingo wake wa juu una meno kama msumeno. Waliufuata ukingo huo toka upande mmoja mpaka upande wa pili, jambo ambalo hakuna aliyepata kulifanya kabla yao. Furaha yao haikudumu. Tarehe 6 Agosti mwaka huo huo Emil Zsigmondy alianguka akafa, alipokuwa akijaribu kuupanda ukuta wa kusini wa mlima ule ule. Mwaka huo alikuwa ametoa kitabu juu ya hatari za milima ya Alps. Naona jambo hili latufundisha kwamba ujuzi hupunguza hatari, lakini hauiondoi, na mwenye kujua hatari kuliko wote naye ni mtu wa nyama na mifupa.

Sasa tuje katika nchi yetu. Hans Meyer alikuwa kijana wa Leipzig, wa ukoo wa wachapaji wa vitabu wenye mali. Mwaka 1887 alikuja Kilimanjaro kwa mara ya kwanza, akapanda mpaka ilipoanza barafu ya Kibo. Hapo alikuta ukuta mkubwa wa barafu, naye hakuwa na vyombo wala ujuzi wa kuupita, akarudi. Mwaka 1888 alirudi tena pamoja na Oscar Baumann, lakini hawakufika hata mlimani. Watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, walikuwa wameinuka kupigana na Wajerumani walionyang'anya nchi. Meyer na mwenziwe walikamatwa wakafungwa minyororo, wakaachiliwa baada ya kulipiwa fedha. Mtu mwingine angalisema yatosha. Meyer hakusema hivyo, ila alijua kwamba akienda mara ya tatu hapana budi awe na mtu anayeijua barafu kama mkulima ajuavyo jembe lake. Ndipo akamchukua mwalimu wa mazoezi wa Salzburg.

Walifika Unguja, wakaajiri wapagazi, wakavuka mpaka Mombasa, kwa sababu vita vya Abushiri vilikuwa havijakwisha na njia za Pangani hazikuwa salama. Mwezi wa Septemba 1889 wakatembea kwa miguu kupitia Taveta mpaka Marangu, kwa Mangi Marealle, aliyewapokea. Hapo Meyer alionyesha kwamba kurudia kwake hakukuwa bure. Mwaka 1887 chakula kilikuwa shida huko juu. Safari hii alipanga kambi kwa vituo. Kambi kubwa ilikuwa Marangu, nyingine juu ya msitu, na ya tatu kwenye uwanda wa baridi ulio baina ya Kibo na Mawenzi, mahali penye urefu wa mita 4,300 hivi. Kila baada ya siku chache wapagazi walipanda wakaleta chakula na kuni, wakashuka. Kwa njia hii Wazungu wawili waliweza kukaa huko juu siku nyingi, wakajaribu, wakashindwa, wakapumzika, wakajaribu tena, pasipo kulazimika kurudi chini kwa ajili ya njaa.

Katika kambi ile ya juu alibaki pamoja nao mtu mmoja wa Pangani, jina lake Mwini Amani. Alikuwa mtu wa pwani, aliyezoea joto na minazi, naye akakaa penye jalidi usiku, akilinda hema na kupika. Kadhalika watu wa Marangu humkumbuka Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa Kichaga, kuwa ndiye aliyewaongoza wageni hao katika njia za msituni. Akaendelea na kazi ya kuongoza watu mlimani kwa miaka mingi, akafariki mwaka 1996 akiwa mzee sana. Nawataja kwa sababu si haki kumsifu aliyechonga ngazi na kumsahau aliyebeba kuni. Mpagazi aliyepanda toka Marangu mpaka uwandani na kushuka, mara kwa mara, akiwa na mzigo kichwani, naye alikuwa akifanya mazoezi ya mlima. Tofauti ni kwamba hakuna aliyeandika hesabu yake.

Tarehe 3 Oktoba 1889, usiku wa manane, Meyer na Purtscheller waliondoka kambini wakaanza kuipanda Kibo. Walipofika kwenye barafu walifungana kamba, na Purtscheller akatangulia. Barafu ilikuwa ngumu na laini kwa kuteleza kama kioo, nayo imeinama kama paa la nyumba. Ilimbidi achonge ngazi kwa shoka la barafu, na kila ngazi moja ilihitaji kupigwa mapigo yapata 20. Ebu fikiri, msomaji. Mtu yuko juu kuliko mawingu, hewa ni haba hata kuvuta pumzi ni kazi, naye apiga mara 20 ili aweke mguu mmoja, kisha apige mara 20 nyingine. Anayefanya hivyo kwa nguvu za mikono tu atachoka kabla ya ngazi ya 30. Lakini mkono wa Purtscheller ulikuwa umelizoea shoka, na mguu wake ulijua kusimama, na pumzi yake ilijua kwenda pamoja na kazi.

Mchana wakafika kwenye ukingo wa kasoko, wakawa watu wa kwanza tunaowajua kwa maandishi kuitazama ndani ya Kibo. Lakini huko waliona jambo la kuvunja moyo. Kilele cha juu kabisa hakikuwa pale waliposimama. Kilikuwa upande wa kusini wa ukingo, mwendo wa saa nyingine kadhaa. Meyer alikuwa amechoka sana, na jua lilikuwa limeanza kuinama. Wangaliendelea huenda wangalifika, na huenda usiku ungaliwakuta barafuni wakafa kwa baridi. Wakageuka wakarudi. Hapa ndipo naona akili ya mtu mzoefu. Mgeni wa milima angaliona haya kurudi akiwa karibu namna ile. Mzoefu alijua kwamba mlima hauhami.

Wakapumzika. Tarehe 5 wakasogea wakalala katika pango lililo juu zaidi ya kambi yao, ili kesho yake wapunguze mwendo. Tarehe 6 Oktoba wakaondoka kabla ya mapambazuko. Walipofika kwenye barafu wakakuta ngazi zile walizochonga siku tatu kabla zingalipo, zimeharibika kidogo tu. Kazi iliyokuwa ya mapigo 20 ikawa ya kusafisha na kukanyaga. Ile njia iliyowachukua mpaka mchana safari ya kwanza, safari hii waliimaliza mapema asubuhi, wakafuata ukingo, na kabla ya adhuhuri wakasimama mahali ambapo hapana tena juu yake katika Afrika nzima. Siku hiyo Purtscheller alikuwa akitimiza miaka 40 kamili tangu kuzaliwa.

Meyer alikipa kilele hicho jina la Kaiser wa Ujerumani, akachukua jiwe la juu akampelekea. Sisi twajua mwisho wa jina hilo. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera ya Tanganyika na mwenge huko juu, na kilele kikaitwa Uhuru. Urefu wake huandikwa mita 5,895, ambao ni karibu mara mbili ya mlima Rungwe wa jirani zetu wa Mbeya. Mwenye kupanda Rungwe kwa siku moja na kushuka magoti yakitetemeka, na afikiri juu ya mlima Rungwe wa pili uliowekwa juu ya ule wa kwanza.

Watu wengi wangedhani kwamba baada ya kufika kileleni wangefunga mizigo na kwenda zao. Hawakwenda. Waliugeukia Mawenzi, mlima wa pili, ambao hauna barafu nyingi lakini miamba yake imevunjikavunjika na hubomoka mkononi. Walijaribu mara tatu, na mara zote tatu hawakukifikia kilele chake cha juu. Walirudi tena Kibo, wakaingia mpaka ndani ya kasoko kupitia pengo la upande wa mashariki. Kwa jumla walikaa siku 16 katika nchi ile ya juu. Kilele cha juu cha Mawenzi, chenye urefu wa mita 5,149, hakikupandwa mpaka mwaka 1912, walipokiweza Wajerumani wengine wawili, Eduard Oehler na Fritz Klute. Napenda sana sehemu hii ya habari kwa kuwa yatuzuia tusidanganyane. Kurudia mara nyingi hakumpi mtu kila kitu anachokitaka. Mtu aliyepanda vilele mamia alishindwa na Mawenzi mara tatu, naye hakuona kwamba jina lake limeharibika.

Purtscheller alirudi kwao akaendelea na kazi yake ya kufundisha na desturi yake ya kupanda. Mwaka 1891 alikwenda katika milima ya Caucasus pamoja na Gottfried Merzbacher, wakapanda vilele vingi huko. Mwaka 1894 yeye na Heinrich Hess walitoa kitabu cha kuwaonyesha watu njia za milima ya Alps ya mashariki, ili kijana asiye na fedha za kuajiri kiongozi apate kujifunza. Hapo twaona tabia ya mwalimu. Ujuzi aliokusanya kwa miguu yake hakuufungia sandukuni.

Mwisho wake ulikuja katika mwezi wa Agosti 1899. Alipokuwa akishuka toka mlima uitwao Aiguille du Dru, nchini Ufaransa, alianguka akavunjika mkono. Alitibiwa kwa miezi mingi. Alipokuwa bado hospitalini akapatwa na maradhi mengine, akafariki Bern, nchini Uswisi, tarehe 3 Machi 1900, akiwa na miaka 50. Yaani mtu yule aliyeshuka salama toka milima mamia na mamia aliumia katika kushuka mlima mmoja. Wazee wetu husema mwogeleaji hodari ndiye afaye maji. Nasi tunaopenda kukwea tuliweke jambo hili akilini: mazoezi hutupa ujuzi, na ujuzi usitutoe hofu.

Huenda mzazi asomaye gazeti hili atauliza, habari za barafu na miamba zina faida gani kwa mtoto aliyeko Songwe, ambako tunalima kahawa na mahindi, na malori yanapanga foleni Tunduma kungoja kuvuka kwenda Zambia? Nitajibu kwa jambo nililoliona mwenyewe. Karibu na mashamba ya shule yetu kuna jabali lenye kimo cha mtu na nusu hivi, na chini yake ni udongo laini. Jumapili jioni baadhi ya wanafunzi hulikwea kwa mchezo, mwalimu wa zamu akiwa karibu. Nimewatazama kwa muhula mzima. Mgeni akija hushika jiwe kwa nguvu zote za mikono, hujivuta, na kabla ya kufika katikati vidole vimelegea. Baada ya kurudia siku nyingi huanza kutazama chini badala ya juu, atafute mahali pa kuweka mguu. Akisha jua kusimama kwa miguu, mikono hupata nafasi ya kupumzika. Baadaye hujifunza kugeuza kiuno ili mwili uwe karibu na mwamba, na kutohamisha kiungo kimoja mpaka vile vingine vitatu vimekaa imara. Hakuna aliyeyasoma hayo kitabuni. Jabali lenyewe liliwafundisha, na wale waliolirudia mara nyingi leo wanalikwea wakizungumza.

Huko ng'ambo mchezo huu umekuwa mkubwa. Wapandaji wa Paris walikuwa na desturi ya kwenda kwenye mawe ya msitu wa Fontainebleau kujizoeza kabla ya kwenda Alps. Mwaka 1964 Don Robinson, aliyekuwa akifundisha mazoezi ya viungo katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, alijenga ukuta wa kukwea ndani ya jengo kwa kupachika mawe ukutani, ili wanafunzi wajizoeze hata mvua inyeshapo. Leo kuta za namna hiyo zimo katika miji mingi ya dunia, watu hukwea bila kamba kuta fupi zenye magodoro chini, wakirudia njia moja mara kumi na mara ishirini. Mchezo wa kukwea uliingizwa katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021. Nimefurahi kuona kwamba aliyeuleta mwamba ndani ya nyumba kule Leeds alikuwa mwalimu wa somo lile lile alilofundisha Purtscheller.

Basi, ndugu zangu wa Kidato cha Nne, mtihani wa taifa u mbele yetu. Wengi wetu tumepata kukata tamaa kwa sababu ya hisabati, tukasema ya kwamba wenzetu wamezaliwa na akili ya hesabu na sisi hatukuzaliwa nayo. Mimi baada ya kuyasoma maisha ya mtu huyu nimechagua upande wangu katika ubishi wa bwenini. Mara ya kwanza tukikutana na swali gumu, kila hatua yahitaji mapigo 20. Tukirudi siku ya tatu, ngazi zingalipo. Tusipozitumia mapema zitayeyuka, na itatupasa kuchonga upya. Lakini anayerudi kila siku hukanyaga palepale alipochonga jana, akapata nguvu ya kuchonga mbele zaidi. Na ikiwa kuna Mawenzi wetu tutakaoujaribu mara tatu bila kuuweza, tusione haya. Wengine watakuja nyuma yetu.

Barafu ile aliyoichonga Purtscheller sehemu kubwa haipo tena. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyopimwa Kilimanjaro mwaka 1912 imekwisha kutoweka, na wajukuu zetu huenda wataona jiwe tupu. Lakini njia aliyoifuata mwalimu yule katika maisha yake yabaki wazi kwa mtu yeyote, tajiri au maskini, wa Marangu au wa Mbozi. Papo kwa papo, kamba hukata jiwe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne